Shajara ya Manukuu: Kuitia Racing Lagoon Kiswahili

Jumapili, 4 Februari 2024

Leo nimeianza kazi niliyoiahirisha miaka miwili: kuitia Racing Lagoon manukuu ya Kiswahili, toka sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kwa asiyeijua, ni gemu ya PlayStation ya kwanza, iliyotengenezwa na kampuni ya Square na kuuzwa Japani tu, tarehe 10 Juni 1999. Miezi minne kabla yake Square walikuwa wametoa Final Fantasy VIII. Watu waliozoea kutunga hadithi za panga na uchawi wakatengeneza gemu ya mbio za usiku mitaani, kwa mkono uleule wa utunzi. Unaendesha, unashinda, unachukua kipuri kutoka gari la uliyemshinda, unakifunga kwenye lako, safari inaendelea. Gemu nyingine za aina hii hukupa pointi za uzoefu na upanga mpya. Hii inakupa injini ya mwenzio. Na kati ya mbio na mbio watu wanaongea, tena wanaongea sana. Kijana tunayemfuata anaitwa Sho Akasaki, wa timu ya Bay Lagoon Racing, jijini Yokohama, na juu ya vichwa vyao wote imetanda hekaya ya miaka kumi nyuma kuhusu aliyekuwa na kasi kuliko wote mjini humo.

Diski sitaigusa. Nitacheza, nitarekodi, nitaweka manukuu juu ya picha. Kiraka cha Kiingereza, yaani faili la mashabiki linaloigeuza gemu yenyewe iwe ya Kiingereza, kipo; kilitoka Novemba 2021 kutoka kwa mfasiri anayejulikana kama Hilltop, na bila kazi yake watu wengi nje ya Japani wasingeijua gemu hii. Nitakitazama kila nitakapokwama. Lakini nataka kutoka Kijapani kwenda Kiswahili moja kwa moja, bila kupita kwa mtu wa tatu.

Kijapani nilikipata kazini. Mimi ni wakala wa forodha bandarini Dar es Salaam, na magari yaliyotumika ndiyo riziki yangu. Herufi za kwanza nilizozijua ni za karatasi za mnada: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni bati lililonyooshwa, halafu pembeni maelezo ya mkaguzi kwa mwandiko wake wa haraka. Nilianza kuyasoma ili nisiingize mteja hasara. Baadaye nikaingia darasa la jioni, nikaendelea. Neno Yokohama nimelisoma kwenye hati za shehena mara nyingi kuliko jina la mtaa wangu, na kwa miaka yote hiyo kwangu lilikuwa ni mahali meli inapotoka. Gemu hii ndiyo iliyonionyesha kwamba kuna watu wanaishi kule, na kwamba magari yetu yalikuwa na ujana wake kabla ya kuja huku.

Jumamosi, 17 Februari

Mambo ya mitambo, kwa ufupi. PlayStation ya kwanza hutoa picha ndogo, kwa gemu nyingi ni pikseli 320 kwa 240. Nikiikuza mara nne napata 1280 kwa 960, na kwenye video ya 1920 kwa 1080 inabaki nafasi ya 120 juu. Manukuu yangu yatakaa humo, nje ya picha. Nimejaribu kuyaweka ndani nikaona ninaziba kazi ya wachoraji, sitaki.

Natumia Aegisub, programu ya bure ya kuandika na kupanga manukuu. Sheria nimejiwekea mbili: mistari isizidi miwili, na mstari usizidi herufi 38. Nimeshaona taabu inakotoka. Sanduku la maneno la Kijapani lenye herufi kumi na mbili linanizalia herufi arobaini na tano za Kiswahili. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, na hapo tunafidia kidogo. Lakini wao herufi mbili tu zinaweza kuwa neno zima lenye uzito wa sentensi.

Jumamosi, 2 Machi

Nimeshinda gereji Ilala leo, na daftari.

Nilikuwa nimeandika orodha ya maneno ya magari peke yangu, kwa Kiswahili cha kamusi, na kila nilipoisoma niliona haina harufu ya oili. Nikaamua kwenda kwa mzee anayewatengenezea wateja wangu magari tangu sijaajiriwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja bila gari?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akavuta kigoda. Tulikaa saa tatu. Injini, chesisi na bodi hazikuwa na tatizo, na ni bahati, kwa sababu gari la kwenye gemu hujengwa kwa hizo. Shokapu, klachi, giaboksi, difu, hizo kila mtu anazijua. Nilichokuwa nakitafuta ni vitenzi. Injini ikipandishwa sauti gari likiwa limesimama, ni kupiga resi. Gari likishafikia mwendo wake wa kweli, limechanganya. Nikamuuliza: gari ambalo unakunja usukani na pua inaendelea kwenda moja kwa moja, tuseme nini? Akasema limegoma. Na lile ambalo mkia unataka kutangulia mbele?

"Hilo limekugeuka."

Nikaandika hapohapo. Kijapani kinatumia maneno ya kukopa kwa hali hizo mbili, makavu ya kiufundi. "Limegoma" na "limekugeuka" yanasema jambo lilelile, na ndani yake kuna mtu na gari lake wanavyoelewana au kukosana. Gemu yote imejengwa juu ya uhusiano huo.

Kuhusu ule mchezo wa kulipitisha gari konani kiubavubavu, nilikuja na "kuserereka". Mzee akakataa. Kuserereka ni ajali, akasema, matope yamekufanya. Hawa wanalisereresha wenyewe. Silabi moja tu imebadilika na jambo limekwisha. Ni lugha gani nyingine ingenipa hilo kwa bei rahisi hivyo?

Kabla sijaondoka kijana wake aliwasha Chaser moja iliyokuwa imeletwa kufanyiwa bushi. Likasema, kwa ile sauti ya mwanamke ambayo mji mzima tunaijua, kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Mzee akaniuliza, "Hivi hili nalo husema nini?" Nikamwambia: ni kadi ya kulipia barabara kule kwao, linakukumbusha hujaiweka. Akalitazama lile gari kidogo. "Miaka yote nilijua linasalimia," akasema.

Nimewaza sana njiani. Chaser ile ni ya injini ya 1G, gari la mzee mstaarabu anayekwenda msikitini. Ndugu yake wa mwaka 1996, Tourer V mwenye 1JZ-GTE na tabo, ni kipenzi cha vijana wa mbio Japani mpaka leo. Kwenye karatasi ana nguvu farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa kule walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Magari ya Racing Lagoon hayana majina halisi ya viwandani, lakini mtu wa Dar hahitaji kuambiwa. Atayatambua kwa taa za nyuma.

Jumapili, 24 Machi

Ramadhani. Nafanya kazi baada ya tarawehe mpaka daku, nyumba ikiwa kimya. Ndiyo wiki iliyonitesa kuliko zote, na ndiyo iliyonipa kazi yenyewe.

Tatizo ni lugha ya wahusika. Mashabiki wa Kijapani wameipa jina lake kabisa, "Lagūn-go", yaani Kilaguni, kwa sababu hakuna mtu Japani anayeongea hivyo. Vijana wa gereji wanaongea kama washairi. Sentensi inakatwa kabla ya kitenzi na kuishia kwenye nomino, halafu kimya, halafu nomino nyingine. Sho anawaza usukani mkononi na mawazo yake yanakuja vipande vipande. Wapo wanaoicheka lugha hii. Mimi naiona ndiyo roho ya gemu. Ukiwaondolea vijana hawa maneno yao wanabaki watu wanaokimbizana barabarani.

Nilikuwa nimefasiri mistari karibu mia mbili. Nikaisoma yote kwa mpigo juzi usiku, na ilikuwa sahihi, na ilikuwa imekufa. Nimechunguza nikaona kosa langu: kila palipokuwa na pengo kwenye Kijapani, mimi nimelijaza. Nimetia "ni", nimetia "kuna", nimetia "kwa sababu". Nilikuwa namfafanulia msomaji. Nilijaribu kwa maneno yangu mwenyewe, nje ya gemu, ili nione tofauti. "Ni usiku na barabara iko tupu" nikaigeuza: "Usiku. Lami tupu." Ilinyanyuka kidogo, lakini ikasikika kama simu ya upepo. Kukata peke yake hakutoshi.

Jana nilikwenda kufuturu kwa mama. Alikuwa anapanga kanga zake, na mimi nikawa nazikunja huku nasoma majina, kama nilivyofanya tangu utoto Tanga. Nikafika kwenye "Wema hauozi", nikasimama na kanga mkononi. Maneno mawili. Hayana "kwa sababu". Aliyeyaandika hakukuambia wema wa nani wala aliyetendewa ni nani, na mvaaji akipita uani kila jirani anajua lake.

Nilimsomea mama mistari yangu michache. Mama hana habari na gemu, lakini taarabu ameisikiliza maisha yake yote, na anajua fumbo linalotupwa ukumbini linavyomfikia mlengwa. Akasema, "Umeyafafanua mno. Fumbo likishafafanuliwa linakuwa habari."

Nimerudi nyumbani na kanga nne za kuazima. Hapo ukutani ninapoandikia nimezitundika. Kanuni mpya: mstari wa Sho uwe na urefu ambao ungekubalika kuwa jina la kanga, na uwe na mapigo. Nimechukua kipimo cha utenzi, mizani nane kwa kipande. Mizani nane inaenea kwa raha ndani ya herufi zangu 38, na sikio la Mswahili linaipokea bila kuambiwa. Sitii vina, maana vina vingeigeuza kuwa wimbo. Mapigo tu.

Yale mia mbili nimeyafuta. Nimeanza upya saa nane usiku.

Jumamosi, 20 Aprili

Masika. Umeme umekatika mara tatu wiki hii na kompyuta ikazima katikati ya kuhifadhi; nimepoteza mistari arobaini na sita. Bandarini magari yamebanana, wateja wanapiga simu mpaka usiku. Sasa kila nikimaliza kipande nakituma kwa mdogo wangu pia.

Jumapili, 5 Mei

Swali ambalo mdogo wangu alilileta kwa nguvu: kwa nini wasiongee Kiswahili cha mtaani? "Dada, watu wa magari ndivyo wanavyoongea. Weka 'oya', weka 'mwanangu', itanoga."

Ana hoja, na nyuma yake kuna urithi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunamjua Lufufu, aliyekuwa akizitia filamu za nje sauti ya Kiswahili na kuzileta sebuleni kwetu kabisa, zikasikika kana kwamba zimetokea Manzese. Kenya wana DJ Afro. Ile ni sanaa kamili na ninaiheshimu. Lakini Lufufu alikuwa akiongea juu ya picha. Alikuwa mtu wa tatu chumbani, mtazamaji alijua huyu ni Lufufu. Manukuu hayana mtu wa tatu. Nikimwandikia Sho "oya", Sho amekuwa wa Kinondoni na Yokohama imepotea.

Tumekubaliana hivi. Maneno ya gari yawe ya gereji zetu bila kusita. Namna ya kuitana ifuate heshima, maana hapo Kijapani na Kiswahili vinashikana mikono: kule mdogo hawezi kumwita mkubwa jina tupu, na huku hivyohivyo. Aliyetangulia kwenye timu anaitwa "kaka", na neno linabeba upendo na utii kwa pamoja, kama lile lao. Ninapopata shida ni kwenye "wewe". Kijapani kina "wewe" za daraja mbalimbali, kutoka ya kirafiki mpaka ya kutukana, na sisi tunayo moja. Nimegundua kwamba matusi yetu hayakai kwenye kiwakilishi, yanakaa kwenye ngeli. Mtu ukimtoa kwenye ngeli ya watu, umemmaliza. Adui akimdharau Sho, simwandikii "wewe mpumbavu". Naandika "kijana hiki". Mdogo wangu aliposoma alipiga meza.

Timu ya wasichana, Motomachi Queens, nimeiachia jina lake. Nikiri kwamba hao nawafasiri kwa makini ya ziada. Nilipoanza kazi bandarini niliulizwa mara nyingi kama nimemsindikiza mtu.

Jumatatu, 10 Juni

Miaka 25 leo tangu gemu itoke. Sikufasiri kitu kipya. Nimekaa na neno moja.

Hekaya inayoendesha hadithi yote ni "saisoku densetsu". Densetsu ni hekaya, hilo sawa. Saisoku ni herufi mbili: "kuliko zote" na "kasi". Kiswahili hakina namna fupi ya kusema "kuliko wote". Nilikuwa naandika "Hekaya ya Mwenye Kasi Kuliko Wote" na kila ilipojitokeza, nayo hujitokeza mara kwa mara, ilikula mstari mzima. Nikajaribu "Kasi Kuu", ikanuka tangazo la basi. Nikajaribu "Bingwa", lakini bingwa hupewa kombe, na huyu hakupewa kitu.

Jibu lilikuja kwenye daladala, Barabara ya Morogoro. Konda alikuwa akimsifu dereva wake kwa abiria: huyu hapitwi. Nikashuka kituo kimoja kabla ili niandike. Hekaya ya Asiyepitwa. Mwenye kasi kuliko wote barabarani anajulikana kwa nini, kama si kwa kutopitwa? Na kukanusha kunaleta kivuli ambacho hadithi inakihitaji, kwa sababu neno lenyewe linaanza kumngoja atakayempita.

Nilimpigia mama. Akahesabu: mizani tisa, imezidi moja. Halafu akaiimba taratibu, "ya" na "a" zikamezana, zikabaki nane.

Jioni nilifungua picha za Yokohama, niione barabara yenyewe. Daraja la Ghuba, ambalo lilifunguliwa Septemba 1989, lina urefu wa mita 860, na uwazi wa katikati ya minara ni mita 460. Magari niliyoyatoa bandarini wiki hii yamepakiwa mji huohuo. Inawezekana kabisa moja yao liliwahi kupita pale juu usiku, dirisha wazi, kabla ya mwenyewe kuchoka na gharama za ukaguzi wa shaken wa kila miaka miwili na kulipeleka mnadani.

Jumapili, 7 Julai

Onyesho la kwanza, sebuleni kwa mama: mdogo wangu, rafiki zake watatu, na mzee wa gereji niliyemwalika akaja na kofia mpya.

Yaliyofeli: nakwenda haraka mno. Watu wanasoma mstari wa kwanza, wa pili unapotea. Nimepima, sekunde mbili hazitoshi kwa mizani kumi na sita. Naongeza iwe tatu na nusu, na pale ambapo muziki wa Noriko Matsueda unashika peke yake nitauacha mstari ukae hata baada ya sanduku kufungwa. Ule muziki wake wa jazi unavumilia maneno juu yake.

Rafiki mmoja aliuliza swali zuri kuhusu taa. Kwenye gemu nyingine ya Kijapani ya mwaka huohuo 1999, Shutokō Battle ya kampuni ya Genki, unamchokoza dereva wa mbele kwa kumpiga fulu. Alikuwa ameiona, akauliza inakuwaje Wajapani wapigane kwa ishara ambayo kwetu ni ya kuhurumiana. Kweli: barabara zetu kuu ukipigwa fulu na wa upande wa pili, anakuambia trafiki yuko mbele na tochi, punguza mwendo. Ishara moja, wao wanaitana vitani, sisi tunalindana. Nimeweka kumbukumbu, ili popote taa zikionekana kwenye video yangu nisimwache mtazamaji aelewe kinyume.

Mzee hakusema neno muda wote. Mwisho aliniomba nirudishe kipande kimoja, ambapo nilikuwa nimeandika "limekugeuka". Akakisoma kwa sauti.

"Hilo nililisema mimi," akawaambia vijana.

Jumapili, 18 Agosti

Mistari 1,140 imekamilika na kupimwa muda. Video mbili za kwanza zimefungwa, ya tatu inangoja sauti.

Limebaki neno ambalo nimelikimbia tangu Februari: "hashiriya". Ndivyo wanavyojiita wote kwenye gemu. "Hashiri" ni kukimbia, na "ya" ni ile ya mtu na shughuli yake, kama muuza samaki au fundi cherehani. Herufi yake ya kwanza niliijua zamani; ni ileile ya "sōkō", safu ya kilomita kwenye karatasi za mnada. Mpaka sasa nilikuwa naandika "dereva wa mbio", na sikuipenda hata siku moja, kwa sababu dereva wa mbio ana uwanja, ana jezi na refa. Hawa wana usiku tu. "Mkimbizaji" ndilo lilinijia kwanza, maana gari hukimbizwa, lakini macho yakiteleza kidogo msomaji ameona "mkimbizi", na sitaki neno hilo zito liingie humu kwa bahati mbaya.

Jana nilimpelekea mzee gereji video ya pili kwenye simu. Kijana wake alikuwa anamsimulia habari za mteja fulani aliyetoka Morogoro kwa saa mbili. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Yule ni mkanyagaji."

Mkanyagaji. Anayekanyaga mafuta, na kazi yake ni hiyo. Umbo la neno ni lilelile la kwao: tendo, na mtu aliyelifanya kuwa lake. Wakanyagaji wa Yokohama.

"Dereva wa mbio" imo mara 87 kwenye faili zangu. Siwezi kubadilisha zote kwa amri moja, maana mizani itavurugika. Kila mstari lazima niusome tena kwa sauti. Usiku huu nimefika wa 19.